Nyumba Yetu Iandikwe Kabla ya Katapila

Jumanne, 1 Julai 2025

Kama si mimi, Biharamulo ingekuwa vumbi na maduka tu, historia haina. Nasema kweli. Mji mzima unaniita Anko — hata watu wenye mvi kunizidi! Mkuu wa wilaya mmoja wa zamani aliwahi kusimamisha gari aniulize njia. Njia yenyewe aliijua. Alitaka tu kunisikia.

Leo nimepeleka barua ofisi ya utamaduni: nyumba ya babu iandikwe kwenye orodha ya majengo ya kale. Kurasa kumi na moja! Shule niliacha darasa la sita, lakini mwandiko wangu walimu waliuogopa. Nimeweka yote. Babu alivyotoka pwani kwa miguu, chumvi kichwani. Alivyojenga kwa miti na udongo. Wajerumani walivyolala barazani. Alivyoua simba mlangoni kwa jiwe la mizani.

Dada Semeni akasoma. Akasema mwaka jana alikuwa chui.

Chui alikuwa siku nyingine!

Haraka yote ni ya kaka Saidi. Kapiga simu kutoka Mwanza: katapila linakuja tarehe 31. Anabomoa, anajenga fremu sita za maduka. Yeye ndiye mkubwa wetu, hati iko kwake. Semeni, ambaye anaishi humu tangu afiwe na mumewe, eti atapewa chumba Mwanza, ghorofa ya tatu. Semeni akamwuliza: "Na mchicha wangu nitaupanda kwenye ngazi, kaka?" Simu ikakatwa.

Nyumba ikiandikwa, kibali cha kubomoa hakitoki. Tegemeo ni hilo tu. Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa tena.

Jumamosi, 5 Julai

Afisa kapiga simu. Anaitwa Magdalena. Sauti ya upole, maswali ya polisi. Atakuja kukagua Jumatatu tarehe 14. Anataka na shahidi mmoja aliyeiona nyumba ikijengwa — "mbali na wewe, Anko." Tayari ananiita Anko!

Shahidi nimtoe wapi? Waliojenga wote wamelala makaburini. Nimetoka sokoni hadi msikitini mara tatu, narudi mikono mitupu. Semeni, huku anachambua mchele, akasema: si yupo Mzee Matiasi, yule Mhangaza wa Mbuba, kule Ngara? Baba yake alikuwa anakuja kununua chumvi kwa babu.

Nilikuwa karibu kumkumbuka mwenyewe.

Alhamisi, 10 Julai

Mbuba. Basi, kisha bodaboda, kisha miguu. Vumbi mpaka kwenye meno.

Nimemkuta Mzee Matiasi uani anapukuchua maharage. Shikamoo, mzee. Marahaba, mwana wanje — yaani mwanangu, kwa Kihangaza — kaa. Miaka tisini, macho hafifu, masikio mazima. Nikafungua daftari nikaanza kumsaidia: wale Wajerumani, mzee, walilala barazani au ndani?

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Mjerumani gani? Mjerumani aliondoka baba yake hata hajaoa! Nyumba ilijengwa mwaka ule vita vya pili vilipokwisha. Yeye alikuwa na miaka kumi, kafuatana na baba yake kwenye chumvi, ndiye aliyechota maji ya udongo, kibuyu baada ya kibuyu kutoka bondeni. Siku moja akavunja kibuyu akalia. Babu akampa punje ya chumvi alambe anyamaze.

Na simba?

Akafikiri sana. Palikuwa na mbwa, akasema.

Uzee huo. Nimeandika "mnyama mkali".

Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Nikiwa nainuka akauliza: kiganja cha bibi yako bado kipo pale kulia kwa mlango? Alikibandika siku ukuta ulipokamilika, udongo ungali mbichi.

Kipo, nikamwambia. Utotoni nilikuwa natia mkono wangu humo kila nikitoka. Mpaka siku mkono ukazidi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimerudi. Nyumba inang'aa!

Sikuandika hili: kabla ya safari nilimwachia kazi fundi Ndassa wa Nyarubungo. Kwetu mgeni hapokelewi kwenye ukuta mkavu. Bibi alisiriba kwa udongo kila Idi, akikizunguka kiganja chake. Mimi nimesiriba kwa saruji — maendeleo! Plasta mbele yote, krimu juu, bluu chini. Ujira wake ni baiskeli yangu. Amekwisha kuipanda. Akaniambia kwa mbali: "Anko, saruji na udongo hazioani. Nimefuata amri yako tu!"

Halafu nikafika mlangoni.

Kulia hakuna kitu. Krimu tupu. Nimepapasa mahali penyewe, laini kama sahani.

Semeni kanitengea ugali, kaingia ndani.

Jumatatu, 14 Julai

Fedheha!

Magdalena kashuka kwenye gari, kaipita nyumba yetu kama anapita kituo cha mafuta. Kaenda moja kwa moja kwenye banda la mbuzi la jirani yetu Kwandu. Picha nne. Kageuka: hongera Anko, mmeihifadhi vizuri sana!

Kwandu, mikono kiunoni, kanga imemteleza kwa kicheko: "Mpige na beberu, afisa! Naye ni wa kale!"

Ikabidi nimwonyeshe. Hakuamini. Akaigonga plasta kwa kucha. Akasema akiiandika leo, ataandika nyumba ya mwaka huu.

Tukakaa barazani. Wajerumani kawakata kwa kalamu. Mnyama mkali naye kakatwa. Lakini ukurasa wa Mzee Matiasi kausoma mara mbili. Huu, akasema, huu ndio wenyewe. Kibuyu, chumvi, mtoto. Hivi ndivyo nyumba inavyozungumza.

Basi: plasta itoke. Ukuta ukandikwe upya kwa udongo, vilevile kama zamani, na mtu wa nyumba hii. Atarudi Jumatano tarehe 23 arekodi kazi kwa macho yake, ndipo apeleke ripoti. Je, katika familia yupo bado anayejua kukandika?

Semeni hajafungua mdomo, mimi nimeshasema: mimi! Nimekandika kutoka hapa mpaka mpakani Ngara!

Semeni kanitazama tu. Mgongo wake hauinami siku hizi. Sasa nani mwingine?

Jioni Saidi kapiga. Habari zimemfikia Mwanza. "Ahsante kwa rangi, mdogo wangu. Katapila linapenda vitu visafi."

Ijumaa, 18 Julai

Nabandua kwa patasi. Mikono imetoka malengelenge.

Plasta haitoki peke yake. Inatoka na ukuta! Fito ziko nje kama mbavu. Chumbani kwa Semeni panaonekana barabara, na barabarani panaonekana kitanda chake. Kaning'iniza kanga mbili.

Kiganja kimetoka. Kipande kimoja, na saruji imekikamata usoni, haikiachii. Semeni kakipokea kwa mikono miwili, kakiweka kwenye ungo, kaufunika kwa kitambaa. Hakunigombeza.

Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 22 Julai

Saidi katuma mtu na kamba kupima kiwanja. Kanisalimia vizuri. Kapima mpaka kwenye mchicha.

Udongo wa kichuguu umefika, kinyesi cha ng'ombe kimefika, nyasi zimefika. Semeni kaviagiza vyote yeye, kwa majina na vipimo. Mimi nazunguka lundo. Nimeenda dukani mara nne, mara ya tatu bila sababu, ya nne kusalimia.

Asubuhi kaniuliza: kuna kitu unataka kuniuliza, Anuari?

Nikamwambia mimi? Wewe ndiye uniulize!

Jumatano, 23 Julai

Naandika haraka. Nimesimama nyuma ya kabati, maana mahali pengine popote humu ndani mtu wa nje anakuona.

Magdalena amefika saa tatu kamili. Kaweka simu juu ya stendi ya miguu mitatu. Nusu ya mtaa wapo. Kwandu kaleta kigoda chake kabisa, kama harusini. Lundo liko katikati. Semeni kashika ndoo ya maji, kajifunga kibwebwe, mgongo wake huohuo.

Magdalena kasema: simu inarekodi, Anko. Tueleze huku unafanya. Unaanza na nini, maji au nyasi?

Nikasema ngoja nichukue kofia, jua kali.

Kofia iko kichwani. Ilikuwa kichwani tangu asubuhi.

Namsikia Semeni: "Anuari! Unatafuta kofia au unaishona?" Watu wanacheka. Kwandu: "Mwacheni, pengine udongo wa huku haujui, kauzoea wa Ngara!" Magdalena hacheki. Anasema anaweza kusubiri kidogo, lakini ana kijiji kingine saa sita, na akiondoka bila picha hizi hana cha kupeleka.

Namwona kati ya fito. Anatazama saa.

Sijawahi kukandika. Hata ukuta mmoja. Hata kibanda cha kuku. Bibi alikuwa ananituma maji pamoja na Semeni; Semeni alirudi na maji, mimi nilibaki njiani nawasimulia watu. Nikifika, kazi imekwisha na mikono wamenawa.

Jana Semeni aliponiuliza tulikuwa wawili tu.

Anaita tena. Sasa haiti kwa kelele. Amekuja mpaka ukutani, yuko hapa upande wa pili wa fito, namwona vidole. Anasema taratibu, wale wengine wasisikie: toka tu. Nitakuambia.

Maji au nyasi — sijui hata kinachotangulia.