Alama Mia Tisa za Mkono Usio Wangu

Mpendwa Mshauri,

Kabla sijaomba msaada naomba kwanza heshima yangu, kwa sababu barua hii inatoka kwa bingwa, mimi hapa ndiye niliyepasua mapovu mengi kuliko mgonjwa yeyote wa kitengo chetu cha mazoezi, alama mia tisa na kumi na mbili, karatasi yangu imebandikwa ukutani hospitali na nyota juu yake, hata mwalimu mmoja wa hesabu aliyeumia kichwa kwenye ajali huitazama kila asubuhi ili imtie moyo. Haya, umeshangaa vya kutosha. Ni uongo mtupu. Alama zangu halisi ni arobaini na moja. Nyingine zote ni za mke wangu.

Ngoja nikueleze. Mimi ni kinyozi, miaka arobaini na mitatu wembe mkononi, sijawahi kumtoa mtu damu isipokuwa shemeji yangu mmoja, naye alikuwa anacheka. Miezi minane iliyopita nilipanda juu ya kiti cha wateja kubadilisha taa, na kiti kile kinazunguka, tena ni mimi mwenyewe niliyekitia mafuta asubuhi ile ile, basi kikazunguka, nikashuka na kichwa kwenye ukingo wa sinki. Damu ikavilia kwenye ubongo, wakanifungua, wakanifunga, nikaamka mkono wa kulia umelala pembeni yangu kama wa mtu mwingine. Mguu ulirudi mapema. Mkono ukagoma.

Sasa pale hospitali kuna binti wa mazoezi, mpole, ana wagonjwa wengi kuliko masaa, akatuazima mashine ya mchezo tuitumie nyumbani. Ni kijisanduku chenye jicho, unakiweka juu ya televisheni, unasimama mbele yake, kwenye kioo unajiona kivuli chako, mapovu yanapanda, unainua mkono mbovu kuyapasua, mzima umekaa mfukoni. Nusu saa kila siku. Nikasema kumbe mtu huzeeka mpaka akarudishwa chekechea, lakini nikacheza. Ukipasua, mashine inakupigia makofi. Ukikosa, kuna sauti ya mwanamke inakuambia, "Jaribu tena, unaweza!" Mama Mshauri, nilijaribu siku kumi na moja na yule mwanamke hakuchoka. Siku ya kumi na mbili nikamwambia mke wangu, "Huyu akinihurumia tena namtupa dirishani," nikaketi kwenye kochi na gazeti lenu.

Mke wangu akasema, "Sogeza miguu yako nione hicho kinachokushinda." Na yeye bega lake la kulia lilikuwa gumu miaka mingi, nguo za kuanika nilikuwa namtundikia mimi. Akasimama, akapasua mapovu sita, akacheka kama msichana. Kesho yake akarudi mwenyewe. Kufika mwezi wa pili wa mchezo anavua viatu kabisa, anagombana na televisheni, "Njoo hapa wewe wa bluu, unakimbilia wapi!" na kazi yangu mimi ni kumshangilia. Sikuona ubaya, maana hatukujua kwamba kijisanduku kile ni mmbeya, kila alama kinaipeleka hospitali chenyewe, kwa jina langu. Hakijui mume wala mke, kinaona mkono tu.

Tulijua siku binti alipopiga simu. "Baba, nimelia kwa furaha," akasema. "Sijapata mgonjwa anayejituma kama wewe." Sasa mtu akikulilia kwa furaha utamjibu nini? Nikamwambia, "Ni juhudi tu, mwanangu." Mke wangu alikuwa amesimama pale pale, akanitazama kama anavyotazama maziwa yaliyoharibika.

"Mwambie ukweli."

"Nitamwambia kesho."

"Kesho ya lini, mzee wewe?"

Hiyo kesho sasa ina wiki tatu. Alhamisi ijayo gari la hospitali linakuja na karatasi ya kuniruhusu kurudi kazini, binti amesema kwa alama zile hana haja ya kunisumbua na safari ya kwenda kupimwa, na gari linaondoka na mashine kwenda kwa yule mwalimu wa hesabu, mazoezi yangu yanaishia hapo. Jumamosi nasimama nyuma ya kiti changu. Mwenzangu wa kiti cha pili ameshaandika ubaoni, FUNDI AMERUDI. Wa kwanza kwenye foleni ni rafiki yangu seremala, ambaye tangu nianguke amekataa wembe wa mtu mwingine, ndevu zimefika kifuani, humo ndani kuna maranda ya mbao ya mwaka jana. Jana alipita kunionyesha. "Shingo hii ni yako tu, kinyozi," akasema, akainua kidevu. Nikaitazama ile shingo. Nikatia mkono wa kulia mfukoni asiuone.

Nikisema ukweli, binti ataaibika mbele ya wakubwa zake kwa ile nyota, na mke wangu ataonekana mlaghai. Nikinyamaza, mashine inaondoka na bega lake linakosa mchezo, tena kuna shingo. Nifanye nini? Unisamehe mwandiko, naandika kwa kushoto, ule wa kulia kazi yake kubwa mpaka leo ni kufunga kifungo kimoja cha shati juzi, cha tatu kutoka juu, nacho si kitu cha kumwandikia mtu.

Halafu kuna jambo dogo. Mwaka juzi nilijaza fumbo lenu la maneno nikashinda kalamu, ile nene ya gazeti, na fumbo lile nililijaza mwenyewe, muulize mke wangu. Kalamu haijafika hadi leo. Kwa vidole hivi nilivyobaki navyo, nene ndiyo ingenifaa. Nitumieni basi.

Ni mimi, bingwa mstaafu.

*

Mzee wangu,

Nimecheka mpaka nilipofika kwenye ile shingo, hapo nikaacha.

Umenihesabia aibu ya binti, aibu ya mkeo na bega lake. Yako umeiruka. Hukuacha mchezo kwa sababu ya sauti ya mwanamke wa kwenye televisheni. Uliacha kwa sababu mkono uliokupa heshima mtaani ulikosa povu mbele ya mkeo. Nakuelewa, baba. Mtu aliyesifiwa mkono wake miaka arobaini na mitatu hapendi kuambiwa "unaweza" na kijisanduku. Lakini sikuachii. Umeketi kwenye kochi ukaitazama dawa yako ikimponya mtu mwingine, ukampigia makofi. Bega la mkeo linaanika nguo leo kwa sababu yeye alicheza.

Sasa jambo ambalo hukulifikiria. Yule mwalimu wa hesabu kila asubuhi anasimama mbele ya karatasi yako, anautazama mkono wake, anajiuliza ana kasoro gani. Anajipima na bega la mama mzima asiyewahi kuumia kichwa. Hilo ndilo limeninyima raha, kuliko hata ndevu za seremala.

Mimi si daktari. Arobaini na moja ni kidogo au ni nyingi, sijui. Anayejua ni binti, naye hajaziona. Zile alama si za mashindano, ni macho yake huko aliko, nawe umemfunga kitambaa.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, shika simu. Usimpe mkeo aongee. Sema, "Mwanangu, zangu ni arobaini na moja, ile karatasi ibandue leo." Akikuuliza kwa nini, jibu hilo ni lako. Kisha mwambie habari ya kifungo cha tatu, ulichokipita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Mkono uliokuwa umelala umefunga kifungo, halafu unasema si kitu! Muulize kama mashine inaweza kubaki, na kama inakubali majina mawili, mkeo acheze kwa lake. Ikibidi iende kwa mwalimu, iende, nawe uombe mazoezi mengine na siku ya kwenda kuonwa kwa macho.

Mwenzako afute ubao. Seremala umwambie wewe mwenyewe, mkono ukiwa nje ya mfuko. Aliyengoja miezi minane atangoja tena, au anyolewe na kiti cha pili huku wewe umekaa kando unakosoa, kazi ambayo nina hakika hujaisahau.

Kalamu yako nimeikuta kwenye droo ya mtu wa mafumbo. Kosa ni letu, samahani sana. Lakini siitumi. Njoo uichukue hapa mapokezi, utie sahihi kwenye daftari kwa mkono wa kulia. Ukitoka mstari uliopinda, tutaupokea.

Uje na mkeo, nataka kumpa mkono bingwa. Ila daftari asiliguse.