Kikao Kilichonipeleka Jiolojia

Katuba, Lubumbashi
Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025

Mpendwa shangazi yangu, Tantine Albertine,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Lubumbashi, ambako baridi imeanza kutuuma asubuhi na mama ameshatoa makoti sandukuni. Habari za Kalemie? Goti lako linaendeleaje? Na binti yako Sephora, ameshapona malaria? Tulimwombea katika misa Jumapili mbili mfululizo, na mimi nilimwashia mshumaa wangu peke yangu.

Sisi sote tu wazima. Baba bado yuko kwenye karakana ya reli. Mama anauza vitenge vyake sokoni kama kawaida. Kaka yangu Caleb ameota ndevu tatu na kila siku anazihesabu kwenye kioo. Mimi namaliza darasa la sita la sekondari, na mtihani wa serikali unakaribia. Kilatini naenda vizuri. Hesabu tuziache kwanza, ingawa itanibidi nizitaje huko chini.

Utashangaa kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Simu ni ya baba, na ukipiga wewe yeye huweka sauti kubwa ili nyumba nzima ikusikie. Mbele ya watu wote hao mimi husema tu kwamba niko bien, mzima kabisa, kisha nampa simu mwingine. Unanijua. Kwa hiyo jirani yetu Mama Edith, anayepanda ndege Luano Jumatano kwenda kumwona binti yake huko kwenu, amekubali kukuletea barua hii mkononi. Hajui kilichomo.

Tantine, nimekasirika. Naliandika neno hilo kwa sababu mdomo wangu haujawahi kulisema. Nimewakasirikia watu wengi wiki hii, na wewe umo kidogo, na wa kwanza kabisa ni mimi mwenyewe.

Jumapili ya tarehe 4, baada ya misa, baba aliita kikao cha familia kuamua nitakachosoma chuo kikuu. Tonton Guelor alikuja na fomu ya lile darasa la matayarisho, wanaloliita prepo, la kuingia Polytechnique, kitivo cha uhandisi, kusomea jiolojia. Unajua kwamba siku hizi mdogo wenu huyo anaendesha gari la mgodi mmoja njia ya Kipushi, na bosi wake ni mwanajiolojia. Basi nusu saa nzima tulisikiliza habari za huyo mwanajiolojia: kofia yake, buti zake, na jinsi ambavyo mkono wake haujawahi kushika mlango wa gari.

Mama alisema kwa sauti ndogo kwamba mimi napenda zaidi vitabu na habari za watu wa zamani, na kwamba kitivo cha Lettres, cha lugha na historia, nacho ni chuo kikuu. Tonton akamcheka.

"Mutoto ya akili kama huyu," alisema, "juu ya nini tumuache apotee mu Lettres? Kule banaendaka bale benye kukosa pa kwenda."

Nilikuwa na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeandika humo sentensi nane na kuzikariri tangu Ijumaa. Watu walisema kwa zamu, wakubwa kwanza, na mimi mdogo wa wote nikawa wa mwisho. Baba akanigeukia: "Na weye, Kiki, unasema nini?" Nilifungua mdomo, Tantine, naapa niliufungua. Hakikutoka kitu. Baba alingoja. Alingoja muda mrefu, kwa hilo simlaumu. Mwishowe Tonton akasema kwamba mwenye kunyamaza amekubali, baba akaanzisha Salamu Maria, na kikao kikafungwa. Unajua mwenyewe kwamba kwetu jambo likishafungwa kwa sala, mtoto halifungui tena.

Lakini hapo bado sijafika kwenye kosa langu kubwa. Kuku alipoletwa mezani, baba alichukua firigisi kwenye sahani yake akaiweka kwenye yangu, mbele ya wote. Katika maisha yangu sijaona firigisi ikihama sahani ya baba. Hata Caleb alipopata kipaimara haikuhama. "Kula, mama ingénieur," aliniambia, na macho yake yalikuwa na maji. Ningefanya nini? Kuirudisha ni kumtukana baba yangu. Nikaila. Tena ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Tangu siku hiyo, kila nikimwambia mama kwamba sikukubali, ananitazama na kujibu jambo lile lile: "Kiki, firigisi ulikula."

Sasa nifike kwako, na unisamehe. Kabla ya sala Tonton alisema kwamba alizungumza nawe kwa simu na kwamba umeshakubali. Kwa maneno yake, "Albertine mwenyewe amesema mutoto asome kintu yenye kulisha mutu." Baada ya hapo hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu nabeba jina lako na neno lako juu yangu ni zito kuliko la mtu mwingine yeyote. Baba hata hathubutu kuniita Albertine. Anasema hawezi kukemea jina la dada yake mkubwa, ndiyo maana nimekuwa Kiki. Je, ulisema hivyo kweli? Kama ulisema, niambie wazi. Nitakasirika wiki moja, halafu itaisha. Kama hukusema, niambie pia.

Ningekueleza kwanza kilichokuwa kwenye ile karatasi, lakini hasira imenipitisha.

Mwezi wa nne, kijana wa jirani, Précieux, anayesoma historia mwaka wa pili, alinipeleka chuo kikuu. Nyumbani nilisema naenda maktaba, na haikuwa uongo, maana tuliipitia. Penye kitivo cha Lettres kuna ubao wenye orodha za masomo ya kila idara. Précieux alienda kwenye kozi yake akaniacha pale, na aliporudi baada ya saa mbili alinikuta bado nimesimama nanakili. Alidhani nimepotea nikaona haya kuuliza njia. Jambo hilo lingewezekana, lakini siku hiyo halikuwa hilo.

Kulikuwa na falsafa, isimu ya lugha za Kibantu, anthropolojia, na uhakiki wa vyanzo, yaani namna ya kujua kama hati ya zamani inasema kweli. Na katikati ya orodha ya historia niliona somo la historia simulizi: jinsi ya kuuliza watu, kuandika wanayokumbuka, na kuyapima.

Hujui jambo hili, Tantine, hakuna anayelijua ila mama. Kwa miaka miwili sasa, kila Jumamosi naenda kwa Mama Chama, mjane wa fundi wa reli, namsaidia kuchambua maharage, na nikirudi naandika aliyonieleza. Madaftari yamekuwa matatu. Amenieleza jinsi zamani posho ya reli ilivyopimwa kulingana na idadi ya watoto, na jinsi akina mama wa kambi ya wafanyakazi walivyoazimana watoto siku ya kuhesabiwa. Mtoto mmoja mnene alihesabiwa katika nyumba nne, mpaka karani akamsalimia kwa jina. Mama Chama akifika hapo hucheka mpaka maharage yanamwagika. Lakini mara nyingine anasema nyumba nne na mara nyingine sita, na mimi nilikuwa sijui niandike ipi. Nilifikiri ni mchezo wangu tu, wa mtu asiye na marafiki wengi. Kumbe jambo hilo lina jina, lina mwalimu, na lina saa arobaini na tano kwa mwaka.

Précieux hakunidanganya. Alisema ukumbi hujaa na lazima ufike mapema, kitabu kimoja husubiriwa na wengi, na ukisema unasoma Lettres watu wanakupa pole kama umefiwa. Nilimwambia nataka kuchukua masomo ya idara tatu. Akacheka, akasema utaratibu haukubali, sharti nichague moja. "Kama unapenda bale bantu benye kuzungumuza, fanya Histoire," aliniambia. "Kama unapenda namna banazungumuza, fanya Langues." Nilitembea na swali hilo wiki nzima, darasani, sokoni, kanisani. Ilikuwa wiki nzuri kuliko zote za mwaka huu. Nilifika kwenye kikao nikidhani kwamba huo ndio ugumu: historia au lugha. Hakuna hata aliyefika karibu na swali hilo.

Badala yake nina jiolojia. Katika hesabu nilipata tisa juu ya ishirini, na hiyo ni baada ya mwalimu kunionea huruma. Tangu mwaka wa tatu nasoma Kilatini na falsafa. Tonton anasema prepo itaninyoosha, kama vile mimi ni bati. Nikishindwa, watasema mtoto hakujitahidi. Nikipita, nitakaa maisha yangu yote nikipima mawe huku akina Mama Chama wanakufa mmoja mmoja na hesabu zao za nyumba nne au sita.

Sitaki udhani kwamba baba ni mbaya. Anaogopa. Ana rafiki mwenye shahada ya falsafa anayeuza kadi za simu pembeni ya soko. Kila tukipita pale baba humsalimia kwa heshima zote, tena humwita profesa, kisha tukishatoka hatua kumi anatikisa kichwa. Namwelewa. Mimi pia nimemtazama yule profesa. Nadhani naweza kuwa mwalimu wa sekondari, na wala haitanisikitisha, lakini hilo pia nililiandika kwenye karatasi na halikusomwa.

Alhamisi baba alirudi kutoka kazini na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Ni nyundo ndogo ya kuvunjia mawe. Ameitengeneza mwenyewe pale karakana, saa za mapumziko, siku nne. Mpini ni wa mti mgumu wa mulombwa, ameusugua mpaka unateleza kama sabuni, na amechonga juu yake ALBERTINE, jina zima. Nilitaka kusema wakati ule ule, tulikuwa wawili tu uani, hapakuwa na Tonton wala kikao. Nikasema, "Aksanti, baba." Maneno mawili. Sasa nyundo iko chini ya kitanda changu, na sijui kama naichukia au ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Labda yote mawili.

Juzi nilikuwa namsaidia mama kukunja vitenge. Alisema, kama mtu anayeongea na kitambaa, kwamba sala hufunga kikao cha waliokuwepo. Mwenye jina hakuwepo, na simu si kuwepo. "Tantine yako hakukula ile kuku," alisema. Halafu akanituma maji.

Nimeelewa hivyo, na nadhani wewe utaelewa zaidi. Fomu Tonton anaipeleka Jumamosi tarehe 24. Baada ya hapo jina langu litakuwa kwenye orodha ya prepo, na baba hatakubali kwenda kulitoa mbele ya watu.

Mwanzoni nilitaka kukuomba uwaambie kwamba nitasoma historia, basi. Wangekutii siku hiyo hiyo. Niliandika barua ya namna hiyo, nikaichana. Ingekuwa tena mtu mwingine amenisemea, na siku nitakaposhindwa somo hata moja wangesema tuulizeni Albertine wa Kalemie, yeye ndiye aliyetaka. Tonton alinisemea, ukimya wangu ulinisemea, hata firigisi ilinisemea. Inatosha.

Kwa hiyo, tafadhali, mpigie baba kabla ya tarehe 24. Mwambie kwamba wewe hukuwepo, na kwa hiyo kikao hakijafungwa. Usimwambie ninachotaka. Akikuuliza, mwambie hujui. Mwambie tu aniulize mara nyingine, na angoje kama alivyongoja. Hata sauti ikitetemeka, hata nikilia mbele ya Tonton, nitajibu mwenyewe.

Nisalimie sana Sephora, na mzee wetu, nkambo Nono, umwambie namkumbuka kila nikila ndagaa. Mama yangu, Honorine, anakusalimu, Caleb naye na ndevu zake. Baba angekusalimu kama angejua nakuandikia. Bwana akulinde wewe na nyumba yako, aliponye goti lako, na Mama Maria akufunike kwa vazi lake.

Ni mimi mtoto wa jina lako, nikupendaye hata katika wiki hii ya hasira,

Kiki