Stakabadhi Niliyompa Mzee wa Kichina

London, Ijumaa baada ya sala

Mdogo wangu Bi Salma,

Marahaba kwa shikamoo yako iliyofika na barua. Goti la mama limepoa? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia.

Unajua afisi yangu hutunza fedha za China. Nikueleze zilivyo. Zamani Wachina walishindwa vita, Waingereza wakawatoza fidia. Baadaye wakakubali fedha hizo zisomeshe vijana wa Kichina. Sasa China ina serikali mbili, moja Peking, nyingine kisiwani Formosa, na kila moja inasema fedha ni zake. Ni kama ile nyumba ya wakfu ya Mtoni inayogombaniwa na ndugu wa mama mbalimbali, na mwenye ufunguo anaogopa hata kuitikia salamu ya mmoja wao. Uingereza inaitambua Peking tu. Basi tumeamrishwa tusipokee karatasi ya Formosa, maana kupokea ni kukubali kuwa wana haki ya kudai.

Juzi aliingia mzee wa Kichina, karowa mvua. Nilimkalisha, nikampa chai. Sikumuuliza katumwa na nani. Mgeni hajamaliza kikombe, utamuulizaje? Akanyanyuka, akanipa bahasha kwa mikono miwili.

"Milango mitatu imenirudisha," alisema. "Nipe japo stakabadhi, wakubwa wangu wajue nilifika."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamwandikia stakabadhi, nikatia sahihi na muhuri. Alipokwisha kutoka ndipo nikasoma: Formosa.

Jana mkubwa wangu alifunga mlango tukabaki wawili. Watu wa Formosa wameshaipeleka stakabadhi ile wizarani, iwe ushahidi kuwa dai lao tumelipokea.

"Mwalimu, wewe na chai yako," alisema, wala hakucheka. "Jumatatu watakuja kukuuliza. Sema mwandiko si wako, yule mzee kaughushi."

Nikikana, mzee atafungwa. Nikikubali, nafukuzwa, na huenda nikashitakiwa kuwa natumiwa na Formosa. Tangu jana kengele ya mlango ikilia nachungulia dirishani kwanza.

Lakini Salma, mwandiko huu ndio niliokufundishia kuandika, pale ukumbini. Wakiniwekea ile karatasi mbele, nitasema ni wangu.

Mama usimsomee haya, msomee salamu tu. Nisalimie shemeji, mumeo, na khalati wetu wa Bwejuu aniombee dua. Na kile chumba changu cha juu, kifagie.

Kaka yako,
Maalim Haji