Dada Anasema Kushoto, Mashine Inasema Kulia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujaniambia safu yako ni ya mambo ya nyumbani na si ya nyaya, nakusihi usome mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili limeanzia kwenye nyaya likaishia nyumbani, na mimi mwenyewe sijui tena ni wapi nilipovuka kutoka huku kwenda kule.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, kazi yangu ni kutotolesha vifaranga. Sikushikwa mkono na mtu. Niliishia darasa la saba, nikaanza na mayai thelathini ndani ya sanduku la mbao lenye balbu, na leo nina mashine ya vyumba viwili, cha kushoto na cha kulia, kila kimoja kinabeba mayai 240, jumla 480, na kila chumba kina hita yake na swichi yake ya kuzungusha. Nafanya kazi na dada yangu mkubwa, tumenyonya ziwa moja. Nyumbani tunamwita Shoto kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto, na utotoni alichapwa sana ili aandike kwa wa kulia, mpaka ikawa ukimwambia geuka kulia anafikiri kwanza. Huko kufikiri kwanza ni utani wa familia yetu, nakueleza kwa sababu kutakuja kuhusika.

Kwa miaka sita tulipima joto kwa vipimajoto vya kioo, kimoja kila chumba. Shoto alifungua kidirisha kila baada ya saa mbili, akasoma, akaandika daftarini. Joto linatakiwa nyuzi 37.6, na kwa njia hiyo katika mayai 480 tulikuwa tukipata vifaranga 396, yaani asilimia 82 na nusu. Lakini mimi ni mtu wa hesabu, nikapiga: kufungua mara kumi na mbili kwa siku, kwa siku kumi na nane za kwanza, ni mara 216 joto linatoka nje bure. Nikasema hapana, lazima kuna njia ya kupima bila kufungua.

Nikanunua bodi, kikompyuta cha ukubwa wa kiberiti, na skrini yake ndogo na sensa mbili, yaani vihisi vya joto, nikajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu kwa wiki saba nikiwa nalisha kuku. Aliyeniuzia aliniambia, "Mama, sensa zako zote mbili zinapanda basi moja." Nikamuuliza basi la kwenda wapi. Akacheka mpaka akakaa. Kumbe alikuwa na maana ya njia ya pamoja: waya wa mapigo, wa kuzipigia mwendo, ni mmoja, waya wa kuletea majibu ni mmoja, sensa zote zinachangia, ila kila sensa ina waya wake wa kuitiwa, ili zisije zikajibu kwa pamoja. Hilo nilielewa haraka, ni kama darasani, mwalimu anaita jina, aliyeitwa anajibu na wengine wananyamaza.

Basi nikaandika programu, mistari arobaini na mmoja, sawa na umri wangu. Kwangu mimi moja ni yupo na sifuri ni hayupo, ndivyo ninavyoweka alama daftarini tangu enzi za mayai thelathini. Kwa hiyo kumwita wa kushoto nikaandika kushoto.value(1), nikasoma baiti mbili, yaani vipande viwili vya jibu, nikamaliza na kushoto.value(0) ili anyamaze, na wa kulia vivyo hivyo. Mwanzoni nilijaribu nikiwa nimeunganisha sensa moja tu, ikanipa sifuri, sifuri, sifuri, nikadhani nimeuziwa mbovu, lakini nilipounganisha na ya pili zote zikaanza kusema, namba safi kabisa, 37.4, 37.7, nikasema labda na zenyewe hazipendi upweke.

Tukaweka mayai, na siku ya tano skrini ikasema kulia kumeshuka mpaka 36.9. Nikaongeza hita ya kulia. Baada ya nusu saa, kulia bado 36.9, ila kushoto kumepanda mpaka 38.3, na kushoto sikukugusa. Nikaongeza kulia tena na kushoto nikapunguza, mambo yakazidi kuharibika. Shoto naye alikuwa hajaacha vioo vyake, akaja akaniambia, "Mdogo wangu, kushoto ndiko kumepoa."

Nikamwambia, "Skrini inasema kulia."

"Skrini haijatia mkono ndani. Mimi nimetia."

"Mkono upi?"

Kulikuwa na mteja amekuja kuweka oda, akacheka, na mimi nikacheka. Dada hakucheka.

Kesho yake nikatoka kidogo, nikarudi nikakuta skrini inaonyesha kulia kumepanda. Nikamuuliza kama amegusa swichi ya kulia. Akasema ameongeza ya kushoto. Nikamwambia kilichopanda ni kulia, akasema yeye ameongeza ya kushoto. Mara nne nilimuuliza, mara nne akajibu kushoto, na mama yetu alikuwa amekaa pale anapanga trei, na yule mteja wa jana alikuwa amerudi. Hapo nikasema neno ambalo sijui kama ningelisema tungekuwa wawili. Nilisema mtu asiyejua mkono wake asiniharibie mayai, na kama anaujua, basi ni mwongo, achague mwenyewe lipi.

Akavua aproni. Akatoa vipimajoto vyake viwili vya kioo, akaviviringisha kwenye taulo, akasema, "Umepata wa kukuambia. Mimi nimechoka kuitwa nisikosikilizwa." Leo ni siku ya ishirini na tatu hajakanyaga hapa.

Mayai yale yalipofika siku yake, kushoto walitoka vifaranga 61, kulia 88, jumla 149, asilimia 31. Nimeweka mengine, leo yana siku saba. Nimebadilisha nyaya, nimebadilisha sensa, programu nimeisoma mpaka naiota. Sielewi. Kama mashine ni mbovu, mbona namba zake ni safi? Kitu kibovu hutoa takataka, na hii haitoi takataka. Mama anasema nikamwombe dada radhi, nami nauliza, radhi ya nini, ikiwa namba zinasema alidanganya? Lakini tangu aondoke hakuna anayegusa swichi ila mimi, na bado nikiongeza kulia, kinachopanda ni kushoto. Juzi nilijikuta nimesimama mbele ya ile milango miwili natazama mikono yangu, najiuliza upi ni upi.

Na sasa nimesikia kuna mwenye mashine wa mtaa wa pili amemwita Shoto, anaanza kwake Jumatatu. Niambie, anayenidanganya ni nani, mashine au dada? Na dada nimfuate, au nitafute mtu mwingine?

Ni mimi, Mwenye Vyumba Viwili

*

Mwenye Vyumba Viwili,

Pole. Nimeisema mara moja na sitairudia, maana nina mengi ya kukukaripia na nafasi ya safu hii ni ndogo.

Umenisihi nisome japo umeniletea nyaya. Kabla sijapewa kiti hiki cha kusuluhisha wake na waume nilikaa miaka kumi na mmoja kwenye benchi la fundi redio, kwa hiyo barua yako nimeisoma kwa macho mawili. Jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua ukalipita, kama mtu anayetafuta miwani na imo usoni. Umesema sensa ikiwa moja ilikupa sifuri, zilipokuwa mbili zikasema. Mama, sensa haina upweke.

Waya wa kuitia kwenye njia hiyo ya pamoja unafanya kazi kinyume na daftari lako. Sifuri ndiyo njoo, na moja ndiyo nyamaza. Ufananishe na kamba ya kengele, inalia ukiivuta chini. Chukua ile karatasi ya maelezo iliyokuja na sensa, utaona jina la waya huo limechorwa kistari juu yake. Huenda ulidhani ni doa la wino. Kistari hicho maana yake ni kwamba huyu anaitwa kwa kushushwa.

Sasa nifuate polepole. Ulipoandika kushoto.value(1) hukumwita wa kushoto, ulimziba mdomo. Wakati huo wa kulia ulikuwa umemwacha kwenye sifuri, yaani umemwita, naye akajibu kwa adabu zote, jibu la kweli kabisa, nawe ukaliandika kwa jina la mwenzake. Kisha ukageuka ukafanya hivyo hivyo upande wa pili. Sensa ilipokuwa moja, ulimziba mdomo kisha ukamtegea sikio. Ungesikia nini?

Kwa hiyo namba zako zilikuwa safi kwa sababu ni za kweli. Ila za kushoto zimevaa jina la kulia, na za kulia zimevaa jina la kushoto. Kulikokuwa na baridi ni kushoto. Wewe ukapasha kulia, kulia kukachemka, skrini ikakuambia kushoto kumepanda, ukapunguza hita ya kushoto ambako mayai yalikuwa tayari yanatetemeka. Dada yako alipoongeza swichi ya kushoto, chumba cha kushoto kilipanda, na skrini ikakuandikia kulia. Umeniuliza anayekudanganya ni nani. Mashine haikudanganya hata namba moja, wala dada yako.

Usiniamini mimi, pima. Toa sensa ya chumba cha kushoto, ishike kiganjani, utazame skrini. Ikipanda namba ya kulia, kesi imekwisha. Kisha juu kabisa ya programu, kabla ya kusoma chochote, weka nyaya zote mbili za kuitia kwenye moja, wote wanyamaze. Kumwita mmoja, mshushe kwenye sifuri, soma baiti zako mbili, mrudishe kwenye moja, ndipo uende kwa mwenzake. Najua watu wa njia ya mkato, utataka kubadilisha majina tu, kushoto uandike kulia na kulia kushoto, uendelee na maisha. Itakubali. Siku utakayoongeza chumba cha tatu, utaziba mmoja na wawili watajibu kwa pamoja kwenye waya mmoja, na hapo ndipo utakapoziona hizo takataka unazozijua.

Hayo mayai ya siku saba usiyamwage. Leo hii tafuta vipimajoto vya kioo, rekebisha kila chumba kwa kioo chake, kisha uyamulike moja moja. Lenye mishipa acha, lililo tupu toa.

Nyaya zimekwisha. Sasa njoo huku.

Kosa la moja na sifuri ni la kila anayeanza, mimi mwenyewe nililifanya, na sikuwa na miaka kumi na mmoja ya benchi wakati huo. Lakini lile swali la "mkono upi" hukufundishwa na simu. Ulimwuliza mtu aliyechapwa utotoni kwa ajili ya mkono huo huo, ukamwuliza mbele ya mteja, tena ukacheka. Na wewe ni mtu wa hesabu, basi tuhesabu. Siku ile ulikuwa na ushahidi wa aina tatu. Kioo kilisema kushoto. Mkono uliotiwa ndani ulisema kushoto. Skrini yenye umri wa siku tano ikasema kulia. Wawili kwa mmoja, nawe ukamfuata yule mmoja kwa sababu ulimtengeneza wewe. Ungekuwa unahukumu mayai ya mtu mwingine usingekosea hesabu hiyo.

Mfuate dada, usimtafutie badala. Nenda kabla ya Jumatatu, lakini usiende kwa sababu ya Jumatatu, atalijua hilo kabla hujaketi. Mchukue mama, maana mama alikuwepo lilipotamkwa neno. Yule mteja naye utamwambia kwa kinywa chako siku atakayokuja. Bodi iache nyumbani. Ukianza na habari za waya wa kuitia na kistari cha juu, utaeleza na kueleza mpaka ionekane mkosaji ni waya. Siku nyingine, akikubali kurudi, mpe sensa ya kushoto aishike kwa mkono anaotaka mwenyewe, atazame skrini imtii.

Yeye amekwambia amechoka kuitwa asikosikilizwa. Basi bisha hodi, akifungua sema maneno matatu, kisha unyamaze, aseme yeye.

Dada, ilikuwa kushoto.