Baba, Hukuwa Unapima Udongo

Mpendwa baba,

Gari la shule limeondoka hapa Mwamkulu alfajiri, mjukuu wako Minza akiwa ndani, na linakwenda hifadhini, kwenye zile zile chemchemi za maji moto. Nimejaribu kupepeta mahindi nimeshindwa. Naogopa. Fimbo yako iko mapajani mwangu, na nikueleze kwa nini iko kwangu na si kwake.

Unakumbuka tulivyokwenda mimi na wewe? Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulivaa koti la harusi kwenda kutazama nyati, ukawa unamkatisha muongoza wageni kila saa umsimulie habari za ng'ombe wako. Viboko uliwacheka: "Hawa wanakula bure, hata mchungaji hawana." Mchana tukafika chini ya ukuta wa bonde, kwenye ile ardhi nyeupe inayofuka mvuke na kunuka mayai viza. Muongozaji akatuonyesha mstari wa mawe. "Huko chini kunachemka. Juu ni ganda tu. Nyie msivuke mawe haya."

Upepo ukachukua kofia yangu mpya, ukaitupa hatua kama kumi ng'ambo ya mawe. Nikaangua kilio. "Mzee, iache hiyo kofia," muongozaji akasema. Wewe ukaziangalia nyayo za nyati zilizopita pale, ukanikabidhi fimbo, ukamjibu kama mtu aliyezaliwa zizini: "Palipopita ng'ombe, mtu anapita."

Ulikwenda vizuri, ukaiokota. Wakati wa kurudi ganda likavunjika, mguu wa kulia ukazama mpaka karibu na goti. Sauti uliyotoa sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Muongozaji alinipokonya fimbo, akalala kifudifudi, akakuvuta nayo. Kofia ulikuwa bado umeishika.

Nyumbani mama alikuuliza ulifuata nini kule. Nilikuwa nyuma ya mlango, nangoja kusikia jina langu. Ukasema, "Nilitaka kupima udongo." Mwamkulu nzima ikakucheka. Mpaka unakufa walikuita Bwana Udongo, hata watoto wadogo, nawe uliitika. Mimi nikanyamaza. Siku moja tu, ukisafisha kidonda, uliniambia kwa sauti ya chini: "Zile nyayo zilikuwa za zamani, mwanangu. Sikuziangalia vizuri." Hapo ndipo hofu iliponiingia kabisa. Kama wewe unayejua ardhi ulikosea, mimi nitamwamini nani? Hadi leo, mvua ikinyesha, natoka uani nikikanyaga kama mwizi.

Sasa jana jioni nilimkuta Minza anafunga fimbo yako kwenye begi.

"Fimbo ya nini?"

"Nakwenda kumalizia kazi ya babu, mama. Si alikuwa anapima udongo? Nitavuka kidogo tu."

Baba, uongo ulionisitiri mimi ndio huo uliokuwa unampeleka mwanangu kwenye ganda. Nikamketisha jikoni, nikamwambia yote: upepo, kofia, kilio changu.

"Kwa hiyo babu aliungua kwa sababu yako?"

"Ndiyo."

"Na wakawa wanamcheka kwa sababu yako?"

"Ndiyo."

Aliifungua fimbo, akaiegemeza ukutani upande wangu, akaenda kulala. Leo asubuhi hakuniaga wala hakunipungia mkono.

Ningeweza kumzuia. Karatasi ya ruhusa ilikaa siku tatu chini ya debe la unga. Nimeitia sahihi kwa sababu sitaki akue anaogopa ardhi kama mimi. Lakini sijui kama amenielewa au amekasirika tu, na unamjua: Minza akikasirika hasikii la mwalimu wala la muongozaji.

Sasa ni saa saba mchana. Watakuwa wamefika kwenye mawe. Huku upepo umeanza, nguo zinapiga kwenye kamba. Nimeinuka kufunga mlango, nikaona kofia ya shule ya Minza nyuma ya mlango huo, kwenye msumari. Minza hatoki nje bila kofia, baba, na jua la kule unalijua. Hakuisahau. Ameiacha, upepo usikute cha kumpokonya.

Nimerudi kukaa. Bado naogopa, ila sasa naweza kungoja. Lala salama. Akirudi, tutapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu ulikuwa unafuata nini.

Binti yako,
mwenye kofia