Barafu za ubuyu kwenye tangi la jeli

Alhamisi, Kibaha

Inashika. Hata Dokta Mushi, msimamizi wangu, ameiona.

Kwa wiki kadhaa amekuwa akiniambia, "Neema, protini ya muhogo wa Masaki haishiki DNA. Andika hivyo tuendelee." Kwenye jeli, ute mgumu tunamopitisha DNA kwa umeme, DNA iliyoshikwa na protini hutembea polepole, hubaki juu. Protini ya muhogo wa kawaida iliibakiza juu. Dada yake wa Masaki aliiachia ikakimbia chini kila mara, nami nilishaanza kukata tamaa.

Leo nikagusa tangi la jeli, nikakuta umeme umelipasha moto kweli. Nikawaza, labda inashika, ila joto linaibandua. Mashine yetu ya barafu mbovu. Nikamkimbilia Mama Zuhura, jirani anayewauzia watoto barafu za ubuyu, nikarudi na beseni zima, nyekundu na nyeupe, nikalizungushia tangi.

"Kuna sherehe?" Dokta akauliza.

Picha ilipotoka, DNA tupu ilikuwa chini kama kawaida. Zenye protini, zote mbili juu.

Naogopa kesho isinigeuke. Lakini Dokta, aliyebandika mwenyewe tangazo la kukataza kula maabara, alichukua barafu moja, akatoka nje nayo, akang'ata kona.

"Rudia kesho," akasema. "Nyekundu ziwe nyingi."