Saa Tatu za Mpaka

Jumapili, 3 Agosti 2003

Habari ya mnada wa ng'ombe wa Kajiado imekwisha. Maneno mia nne. Mhariri atakata mia. Maji ya mfereji hayajarudi tangu Ijumaa.

Mwende, mdogo wangu, amepiga simu kutoka Cologne, Ujerumani. Harusi ni Jumamosi tarehe 23, saa nane mchana, katika ofisi ya serikali. Wao ndio wa mwisho siku hiyo, kisha ofisi inafungwa. Ndege ya Mama inaishia Amsterdam, Uholanzi. Mwende atakuwa zamu ya usiku hospitalini, hawezi kwenda kumchukua. Kutoka Amsterdam hadi Cologne Mama atajipeleka. Na Mama asipokuwemo ofisini, Mwende hatatia sahihi. Ameniambia hivyo mara mbili.

Mama ana miaka sitini na sita. Alifundisha darasa la tatu Kajiado miaka thelathini. Hajawahi kupanda treni.

Kutafuta njia nimeachiwa mimi. Ati mwandishi wa habari anajua. Sijawahi kufika Ulaya. Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa moja na nusu kwenye saiba, duka la intaneti. Kila ukurasa unafunguka kwa muda wa kuchemsha maharagwe. Nimepata haya:

Ndege: chini ya saa moja angani, lakini kusubiri uwanjani kunaila asubuhi yote. Basi: zaidi ya saa nne, na linaondoka ng'ambo ya mji. Treni: saa mbili na dakika arobaini, ina choo. Gari la mkwe, bwana harusi wa Mwende: hakuna. Mkwe ana baiskeli.

Jumapili, 10 Agosti

Kikao nyumbani kwangu Kitengela, baada ya kanisa. Mama, Mjomba Kioko ambaye ni ndugu yake, na Shangazi Ndinda.

Shangazi anataka ndege. Mama wa bibi harusi hawezi kushuka kwenye basi, watu wataonaje. Mjomba anataka basi. Ameendesha lori kupitia mpaka wa Namanga miaka ishirini na miwili, na anajua kwamba dereva wa basi hufahamiana na watu wa forodha. Mimi nataka treni.

Mjomba akauliza kwa nini mkwe asimfuate kwa gari lake. Nikamwambia kuhusu baiskeli. Akaweka kikombe chini.

"Ni Mjerumani kweli?"

"Ni Mjerumani."

"Na si ni wao wanaunda magari?"

Mama akachagua treni kwa sababu ya choo. Mjadala ukaisha hapo. Nilidhani umeisha.

"Wewe mtu wa gazeti," Mjomba akasema, "umehesabu treni. Mpaka umeuhesabu?"

Sikuwa nimeuhesabu. Nimeona aibu. Nimeandika habari za Namanga miaka kumi na miwili, naujua mpaka. Unashuka na mizigo. Foleni ya kutoka, muhuri. Unatembea. Foleni ya kuingia, muhuri. Siku nzuri, Mjomba akasema, saa tatu.

Tumepanga upya. Treni ya saa nne asubuhi imeondolewa, ingemchelewesha. Atapanda ya saa mbili. Bila mpaka, angefika saa tano kasoro dakika ishirini. Pamoja na mpaka, saa nane kasoro dakika ishirini. Zinabaki dakika ishirini za kunawa uso.

Jumatano, 13 Agosti

Mwende anasema treni ya saa mbili ni ya mapema mno, Mama atatoka kwenye ndege amechoka, anywe chai kwanza. Nikamwambia ya saa nne haiachi nafasi ya mpaka. Akaanza kusema kitu, laini ikakatika. Miaka saba ng'ambo, mtu husahau mambo ya mpaka.

Nimemwandikia Mama karatasi ya maagizo. Jina la kila stesheni nimelithibitisha kwa watu wa reli, kwa barua pepe. Saa pia. Choo kiko behewa gani. Kitu kisicho na vyanzo viwili sikiandiki, ndivyo nilivyofundishwa.

Agizo la sita: "Stesheni ya mwisho ya Uholanzi ni Arnhem. Hapo shuka na mizigo yote. Usirudi ndani kabla ya kupata muhuri."

Chanzo: Mjomba na mimi.

Ijumaa, 22 Agosti

Tumemsindikiza Mama uwanja wa ndege. Amegombana na mizani. Ana kilo sita za muthokoi, mahindi ya kukoboa, anasema hawezi kumwozesha binti kwa viazi. Karatasi yangu iko ndani ya Biblia.

Mjomba alimpa wosia: "Mwalimu, mtu asiye na sare akigusa begi lako, piga kelele."

"Kioko, mimi nilinyamazisha watoto hamsini kwa kuwaangalia tu."

Akaingia bila kugeuka. Naogopa.

Jumamosi, 23 Agosti

Saa sita kasoro dakika kumi, kwa saa zetu; Ujerumani wako nyuma yetu saa moja. Mwende amepiga akiwa stesheni. Treni imeingia, Mama hayumo. Niko Kajiado, kwenye kikao cha wazee wa ranchi. Nimeandika jina la mwenyekiti vibaya mara mbili.

Nimempigia Mjomba. "Yuko foleni," akasema. Nimemwamini. Ilikuwa rahisi zaidi.

Saa saba. Mwende tena, analia. Anauliza foleni gani. Hakuna mpaka. Nikamwomba arudie. Hakuna kizuizi, hakuna ofisa, hakuna muhuri. Treni inapita tu.

Nikamsomea agizo la sita kutoka kwenye nakala yangu.

"Dada. Ulimwambia ashuke?"

Nilimwambia ashuke. Na mizigo yote. Miaka kumi na mitano kazini, gazeti halijawahi kuchapisha masahihisho kwa ajili yangu. Nimetoka nje nikakaa kwenye jiwe. Wazee wanaendelea kubishana juu ya bwawa. Sijui wamekubaliana nini. Si kawaida yangu.

Saa nane na nusu. Amefika.

Nimeongea naye dakika tatu. Alishuka Arnhem kama nilivyoandika. Akatafuta ofisi ya uhamiaji. Kijana wa reli akamwambia hakuna haja ya muhuri, apande treni. Mama akamwambia maneno hayo hayo huambiwa watu Namanga, halafu wanarudishwa. Kijana akaleta mkubwa wake. Mama akamweleza naye. Treni ya pili ikaja ikaondoka, Mama amekalia begi la muthokoi. Mwishowe akaja mwanamke mwenye funguo nyingi, akachukua muhuri wa tarehe wa ofisi ya tiketi, akaupiga nyuma ya karatasi yangu.

"Nikamwambia huo ni wa kutoka. Wa kuingia je?"

"Akasemaje?"

"Akapiga wa pili. Mama mwenye adabu sana."

Saa tisa na robo. Ujumbe wa Mwende: "Tumesign. Mama alikaa mbele."

Nimempigia Mjomba kumweleza yote: hakuna mpaka, kosa ni langu na lake. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza Mama alikaa Arnhem muda gani.

Saa mbili na nusu.

"Mimi nilisema tatu," akasema. "Hao wana haraka kidogo."

Nimejaribu kumpinga. Kama si saa tatu za Mjomba, angepanda treni ya saa nne, na kwa kile kikao chake cha Arnhem angekuta ofisi imefungwa. Kama si saa tatu za Mjomba, pia, asingeshuka. Nimepiga hesabu kwa njia zote mbili. Nimefunga daftari, nikarudi ndani kuuliza habari ya bwawa.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeshinda Kajiado kwa Mama. Amerudi na picha kumi na nne. Katika saba kuna baiskeli. Anasema mkwe ni mtu mzuri, anaosha vyombo, na alirudia muthokoi.

Mjomba alikuja jioni. Hakutaka picha. Alitaka kujua mahali penyewe, pale nchi moja inapoishia na nyingine kuanza. Pana nini? Ukuta? Mto? Askari wamesimama wapi?

"Sijui, Kioko," Mama akasema. "Nilikuwa nimelala."

Nje, malori ya Namanga yalikuwa yanapanda polepole. Mjomba akaomba aongezewe chai.